Mama wa Kitabuni

Kisauni, Alhamisi, 1947

Bado wasomaji hawajakubaliana juu ya kitabu nilichokitunga cha mayatima. Katekista asema ni dhambi kuwachekesha watoto kwa habari za kaburi. Jirani yangu Bi Mwanaisha alicheka hata leso ikamfunguka, alipofika pale marehemu mama anaporudi kuwagombeza wanawe kwa sufuria chafu.

Hayo nimeyazoea. Ya Kadzo ndiyo yamenikaa moyoni. Ni mwanafunzi wangu, yatima, analelewa na shangazi yake. Leo alinirudishia kitabu bila kutabasamu.

"Mwalimu, nani alikwambia kwamba mama hurudi?"

"Nimetunga tu, mwanangu."

"Lakini wangu hagombezi. Husimama penye mtungi, akatutazama."

Nilimpeleka kwao, nikamweleza shangazi, nikitaraji atamkanya. Alikuwa akichambua mchicha, wala hakuinua macho.

"Mwanzo tulikuwa tukiogopa," alisema. "Sasa tunamwachia maji."

Kadzo ananiomba niandike kitabu kingine, ambamo mama yake ataambiwa akapumzike. Nimekubali. Kalamu ninayo mkononi, na neno la kwanza naogopa kuliandika.