Kukhu, Ni Mimi Niliyesogeza Kijiti

Kukhu, nyanya yangu,

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Si Baba, si mchungaji, hata daftari langu ambalo huliambia kila kitu halijui. Maji ya ziwa hayakurudi nyuma hata siku moja. Ni mimi niliyeng'oa kijiti cha tatu na kukipigilia juu zaidi, karibu na jiko lako, ili ukiniuliza nikujibu kwamba bado kiko pakavu. Ulikufa ukiamini kwamba nilikwambia ukweli.

Unakumbuka ulivyovipanga vile vijiti. Ziwa lilipomeza uzio wa mbuga na kuanza kupanda kwenye mashamba yetu, majirani walipima kwa macho na kwa maombi. Wewe ulikata vijiti vitatu vya mkaratusi. Cha kwanza ukakipigilia pale sukuma wiki zilipoishia, cha pili katikati ya migomba, cha tatu hatua chache chini ya choo. Ulimwambia Baba huku ukikigonga kwa jiwe, "Maji yakifika hapa, nitafunga mzigo niende kule juu Bahati, kwa ndugu yako. Kabla ya hapo msinisumbue. Mume wangu amelala hapa." Kweli, kaburi la Kuka, babu yangu, lilikuwa pale pale, chini ya mpera, kwenye kiploti alichonunua alipostaafu reli, wakati ziwa lilikuwa mbali hata huwezi kusikia harufu yake. Macho yako yalikuwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo kazi ya kwenda kutazama vijiti ilikuwa yangu, kila Jumamosi nilipokuja kulala kwako.

Uliniamini kwa sababu ya jina. Nilipewa jina la mama yako mzazi, na tangu nikiwa mchanga uliniita Mama. Uliniomba ruhusa ya kwenda sokoni, uliniuliza kama chumvi imetosha, na wageni walicheka sana. Mimi nilijua kwamba haukuwa mzaha mtupu. Siku Baba alipokuja kukubembeleza uhame, ulimkatiza.

"Mama ameenda kutazama. Amesema maji yanarudi."

"Mama, huyo ni mtoto wa shule."

"Huyo ni nyanya yako. Umekuwa mkubwa sana hata unambishia nyanya yako?"

Baba alicheka, akainua mikono. "Haya, nimeshindwa. Wanawake wawili, mimi mmoja." Akanywa chai yake akarudi mjini. Nilikuwa nimeketi kando yako, na nilikuwa tayari nimekisogeza kijiti mara moja.

Sababu yangu ni ndogo, na ndiyo maana inanichukiza. Kwetu ni chumba kimoja, watu sita, pazia katikati. Kwako kulikuwa na meza, dirisha na kimya. Nilijua ukihamia Bahati kwa Anko Wafula, huko nyumba imejaa binamu zangu, na mimi sitapata tena pahali pa kusoma, wala wewe wa kunisikiliza. Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Sikutaka kupoteza meza.

Unakumbuka tulivyosoma kile kitabu chakavu cha sayari, kile kisicho na jalada? Nilikueleza kwamba watu wamekuwa wengi mno, dunia imechafuka, na wataalamu wanatafuta namna ya kuhamia Mirihi. Ulikuwa unachambua kunde, ukaniuliza bila kuinua kichwa.

"Huko kuna mvua?"

"Hakuna, Kukhu."

"Kuna udongo?"

"Uko, lakini una sumu."

"Hewa je?"

"Wataibeba."

"Wataibeba na gunia?" Ulicheka hadi kunde zikamwagika. Kisha ukauliza swali ambalo halikuwa kwenye kitabu hicho. "Na choo kitakuwa wapi?" Nilitafuta jibu shuleni wiki nzima, nikaja kukwambia kwamba mkojo utasafishwa na kunywewa tena. Ulishika kifua. "Ng'o! Mama, usiende. Kaa hapa hapa na sisi."

Nakumbuka hilo kila ninapokumbuka yaliyofuata.

Maji hayakuja mlangoni. Yalipitia chini. Yaliingia kwenye shimo la choo kabla hatujaona tone uani, na vilivyokuwa chini vikapanda juu. Vya kwako, vyangu, vya majirani wote waliokuwa na vyoo kama hivyo kwenye viploti vilivyobanana, familia juu ya familia. Jumamosi ile nilikuta ua wako umefunikwa na maji mekundu kama chai iliyochacha, na juu yake vilielea nepi, chupa za soda, kuku aliyevimba, na vitu ambavyo sitaviandika kwa sababu unavijua. Funza walikuwa wanapanda ukuta wa choo. Miti mikubwa ya miiba ya kando ya ziwa ilikuwa imekauka imesimama ndani ya maji, myeupe, na juu yake korongo walikuwa wakingoja. Kisima chako kilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Ulikuwa umekunywa maji yake wiki nzima. Kuni zilikuwa zimelowa, ukachoka kuyachemsha, na tena ulikuwa umeambiwa kwamba ziwa linarudi.

Nilikukuta umelala ubavu, midomo imekauka. Uliniambia, "Mama, nimejichafua. Usiingie." Nikaingia. Nilikuosha kwa maji ya chupa ya kunywa niliyobeba kutoka mjini, na Kukhu, nakuomba unisamehe hili pia, nilikuwa nimeziba pua. Siku tatu baadaye ulituacha hospitalini.

Hatukuweza kukuzika kando ya Kuka. Kaburi lake lilikuwa chini ya maji. Tulikuzika Bahati, kwenye kipande cha Anko Wafula, na hapo ndipo alipomgeukia Baba mbele ya watu, koleo likiwa bado mkononi. "Ulikuwa unakaa karibu. Safari ya nusu saa. Ulimwacha mama yetu anywe kinyesi." Baba angeweza kusema kwamba wewe mwenyewe ulikataa, kwamba niliapa maji yanarudi. Alinitazama mara moja tu, akatazama chini. Tangu siku hiyo ndugu hao wawili hawajasalimiana. Baba alienda Krismasi akaachwa amesimama langoni kama mtu anayeuza visu. Kila jioni akitoka kwenye kiwanda cha unga anakaa kitandani na vumbi lake jeupe, hali chakula. Anabeba kitu changu, Kukhu, na mimi namwona akikibeba, na ninaendelea kula.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Shuleni Chama cha Kiswahili kiliandaa mdahalo. Mada ilikuwa kwamba binadamu hana budi kuihama dunia ili asalimike na wingi wa watu na uchafuzi wa mazingira. Mwalimu aliniweka upande wa kuunga mkono. "Nekesa, wewe ndiye unayezijua sayari." Unajua jinsi ninavyoogopa kusimama mbele ya watu. Niliandika kurasa nne, na niliziandika kwa hasira. Niliandika kwamba tumekuwa wengi kama funza ukutani. Kwamba tumelifanya ziwa kuwa choo, na heroe, wale ndege wa waridi waliokuwa wakilipamba, wana akili kutushinda kwa sababu wameshatukimbia. Kwamba kama mtu angeweza kutunusa kutoka juu angefunga dirisha. Nilisoma hadi mwisho. Bwalo lilipiga meza. Nilishangaa sana. Kumbe chuki inashangiliwa hivyo.

Kisha akasimama Chepkoech, ambaye kwao ni Olenguruone, kule milimani msituni mito inakotoka, mcheshi wa darasa letu.

"Mwenyekiti, mimi nataka kumuuliza dada yangu Nekesa. Sisi huko juu tunakata miti, nyinyi huku chini mnazama. Sawa. Sasa mimi na yeye tukipanda hiyo roketi, anadhani panga langu nitaliacha nyumbani?"

Bwalo lilivunjika kwa kicheko. Mtu akapiga kelele, "Chepkoech atafyeka hata nyota!" Alingoja watulie, akanielekea, sauti imeshuka.

"Na swali la pili. Roketi ni ndogo. Watakaoachwa ni akina nani? Wataje."

Kabla sijafungua mdomo, mvulana wa upande wangu, aliyedhani ananisaidia, alijibu kutoka nyuma. "Wazee wabaki! Si watakufa tu!"

Walicheka, Kukhu. Wale walionipigia meza walicheka kicheko kile kile. Sikuwachukia wao kwanza. Nilijichukia mimi, kwa sababu kijana yule alisema kwa sauti jambo nililofanya kimya kimya. Nilikuwa nimeshachagua wa kuachwa. Nilimwacha chini, kwenye maji, nikamwambia pako salama, ili mimi nibaki na meza yangu. Nilikaa kitini na sikutoa hoja za kufunga. Waamuzi walitupatia ushindi hata hivyo. Nilipewa kamusi mpya, na njia nzima ya kurudi nyumbani niliishika mbali na mwili wangu kama kitu kilichodondoka chooni.

Nimefikiri sana tangu siku hiyo. Mimi si mtaalamu. Huenda siku moja watu wataishi Mirihi, wanywe mkojo wao na kupanda muhogo ndani ya mifuko. Sijui. Lakini ninapowasikia wakubwa wakisema kwamba dunia imekwisha na tutahama, nasikia kichefuchefu, kwa sababu nimeona kuhama kulivyo. Kulikuwa na bibi mmoja tu wa kuhamishwa, mwenye godoro moja, sufuria tatu na Biblia, kutoka kando ya ziwa hadi Bahati, barabara ya lami. Kulikuwa na wana wawili wanaompenda, na chumba kilichokwisha kufagiliwa kikimngoja. Tukashindwa. Sasa hawa wanasema watahamisha mataifa. Nani atapima maji wakati roketi zinajengwa? Nani ataenda Jumamosi kutazama kijiti, na ana meza gani ambayo hataki kuipoteza? Nadhani wengi wao wanajua kabisa kwamba hakuna kuhama. Wanataka tu sisi tuendelee kunywa kisimani.

Na bado nawachukia watu, Kukhu, sitakudanganya tena. Nikipita kwenye mtaro nyuma ya soko na kuona mtu ametupa mfuko wa kinyesi mbele ya mlango wa mwenzake, natamani roketi hata leo. Tofauti ni kwamba sasa najua ningeingia humo na mikono yangu hii hii.

Sikuombi unijibu. Nakuaga, na naliaga jina la Mama ulilonipa, maana mama hafanyi nilivyokufanyia. Lala salama huko juu Bahati ambako maji hayafiki.

Kukhu, nimeifungua tena barua hii niongeze hili: Jumamosi iliyopita asubuhi, baada ya kuandika hayo ya juu, nilimkuta Baba uani akifua nguo zake za kazini. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: vijiti, mara mbili nilizokisogeza kile cha tatu, na meza. Aliendelea kukamua suruali hadi haikutoa maji tena. Aliianika. Kisha akasema, "Vaa viatu." Tulikwenda Bahati. Anko Wafula alikuwa amekaa mbele ya ghala lake, akichambua viazi kutoka kwenye gunia. Hakuinuka, na Baba alisimama langoni. Nilipita peke yangu nikaenda kusimama mbele ya Anko, nikarudia maneno yale yale, nikamwambia kwamba Baba hakujua, aliamini tu kama ulivyoamini wewe. Anko aliweka chini kiazi alichokishika. Hakunitazama. Alimtazama ndugu yake, akamwambia, "Ingia. Chai iko."

Waliingia ndani wakafunga mlango. Mimi hawakuniita. Nilikaa kwenye kigoda cha Anko, nikatia mkono ndani ya gunia, nikaanza kutenga viazi vilivyooza. Vilikuwa vingi, vinapasukia vidoleni, na harufu yake ilikuwa mbaya. Sikuziba pua. Nilivichambua hadi gunia likaisha.

Mjukuu wako,
Nekesa