Jicho la Kiboko

Buyenzi, Bujumbura, Jumanne, chai iko mbele yangu

Dada yangu Mwajuma,

Asalaam alekum, wewe na mama na wote waliokaa kwenye mukeka wanakusikiliza ukisoma. Najua mumekaa. Shemeji naye iko hapo mulangoni anajifanya hasikilizi, mumusogezee chai. Mama anaendeleaje na magoti? Na ule mudomo wake, bado unakata kama wembe? Huku mi muzima, Zaina muke wangu muzima. Meno yangu yamebaki ine, lakini yote iko kazini.

Kalamu nashika mwenyewe, musicheke herufi. Shule mi sikuona hata dirisha yake. Herufi nilijifunza kwenye makartoni ya filamu, ndiyo maana zote ni kubwa kama ng'ombe. Na Kiswahili changu kimeshakula sana mukate wa Bujumbura, mutanivumilia.

Sasa sikia. Nakuja. Soma tena hapo polepole mama asikie: nakuja. Boti ya mizigo ya Kigoma imeanza kuchukua watu tena, na nahodha wake nilimupiga picha siku ya arusi yake nikamutoa mwembamba, hawezi kunikatalia kitu. Ijumaa hii inayokuja, inshallah, niko ndani. Mwaka wa saba sijakanyaga Ujiji ju ya hii vita. Tangu barua yako ifike natembea humu ndani kama kuku inatafuta mahali pa kutaga, Zaina ndiye anasema hivyo, na leo asubuhi nimemukuta amenitegea kikapu na majani makavu ndani.

Barua nimeisoma mara nane. Arusi ya Ashura binti yako, alhamdulillahi, mutoto nilimwacha anaruka kamba. Wewe umeniomba picha ya ukoo muzima, wote ndani ya picha moja, pale uani kwa mama. Na mama naye ametuma neno lake: "Aje. Lakini lile jicho lake la kiboko lizamishwe kwanza." Dada, maneno yenu mawili yamenigombanisha na mufuko wiki nzima.

Ju mi nina macho matatu ya kamera. Wenye kusoma wanasemaga obijektifu, mi nasema macho, unavua moja unavalisha ingine. Nimeyapanga juu ya kitanda kama maharusi. Lakini nahodha amesema mutu moja mufuko moja, na huo mufuko Zaina ameshajaza nusu: kitenge ya mama, kahawa, sabuni ya Ashura. Palipobaki panaingia kamera, filamu na macho mawili. Matatu apana. Nilitoa suruali ya pili ili yote yaingie. Zaina akairudisha, akasema hataki wakwe zake waniulize kama muke wangu alinifukuza uchi.

Moja naliita Mukate, ju ndilo linanilisha. Linaona vile mutu anaona, haliongezi, halipunguzi. Vita hii bila karangamuntu, ile karata yenye picha yako, hupiti baryeri ya barabarani hata moja, basi Ngagara yote, mutaa wa kwanza mpaka wa mwisho, imeshakaa kwenye kiti changu. Wakubwa wa ofisi wananyoosha shingo nikiwaambia. Kuna mukurugenzi moja hapumui mpaka nimupe ruhusa. Huyo Mukate nilimuweka mufukoni wa kwanza kabisa. Mutu hasafiri bila mukate wake.

La pili ni Mupana, na hilo munalijua, tena munalijua vibaya. Shemeji usianze kucheka, bado sijafika. Mi nilikuwa kijana, nimetoka Bujumbura na jicho jipya, nimejaa upepo. Nikamukalisha mama pale mulangoni na kanga yake mpya, nikamusogelea mpaka nikasikia karafuu aliyotafuna. Sikujua, wallahi. Mupana linameza uwanja muzima, lakini ukilisogeza kwenye uso wa mutu, kile kilicho mbele linakivimbisha. Na kwa mutu kilicho mbele ni nini? Ni pua. Picha ikatoka, pua imekaa katikati kama biringanya, masikio yamekimbilia nyuma huko Tabora. Shemeji akacheka mpaka chai ikatokea mahali pasipostahili. Mama hakucheka. Aliiweka kwenye mukaa, akaiangalia ikiungua mpaka mwisho, akaniambia, "Mi nilikuzaa na pua ya mutu. We umenirudishia ya kiboko." Tangu siku hiyo akiona kamera anajifunika kanga uso wote.

La tatu ni Muzinga. Refu, jeusi, uzito kama mutoto wa arobaini. Hilo linavuta. Unasimama hatua ine kutoka kwa mutu, linakuletea uso wake peke yake, pua inakaa pale Mungu aliiweka, nyuma yote inakuwa moshi. Mwanamuke mubaya kwa Muzinga mi bado sijamuona, na nimepiga wengi, wengine waume zao hawakuwatambua wakatoa posa mara ya pili. Mama, hilo ndilo lako.

Mwajuma, hapa soma kwa moyo, mama asisikie. Waambie wino umemwagika.

Muzinga ina shida moja: inafanana na silaha. Nilikuwa narudi kutoka arusi upande wa Gatumba, baryeri ya wasoda, watu wa jeshi, ikasimamisha basi yetu. Kijana moja akafungua mufuko wangu, akaona lile bomba jeusi, akaruka nyuma kama amekanyaga nyoka. Wote wakalala kwenye matope, wenye mihogo, wenye kuku, imamu mwenyewe. Mi peke yangu nimesimama nimelishika, nimeambiwa nisitikisike. Dada, kwa muda wa kuchemsha yai, kaka yako ndiye alikuwa mutu mwenye kuogopewa kuliko wote Burundi nzima. Jeshi limerudi nyuma mbele yangu, na mi mukojo uko mulangoni.

Mukubwa wao akaja. Nikamwomba kwa heshima aweke jicho aangalie ng'ambo, Kongo. Akaangalia. Akaona mbuzi mulimani, na kengele shingoni mwa mbuzi, na nafikiri hata sauti ya ile kengele aliiona, ju alikaa sana. Akashusha. Nikangoja anipige. Akaniambia polepole, wale wengine wasisikie, "Muzee, mama yangu hajaniona mwaka wa tatu. Nipige moja. Lakini bunduki isionekane."

Basi nikamupiga kwa Muzinga, uso tu na mabega. Bunduki ilikuwa mukononi mwake, na kwenye picha haimo. Ilibaki uso wa mutoto wa mutu. Nilipomupelekea aliiweka ndani ya kofia, aitume kwa mama yake mulimani.

Tangu hapo nafikiri, Mwajuma. Yule mama wa mulimani sasa ana uso wa mutoto wake. Mi nimepiga nusu ya muji huu, na uso wa mama yangu sina hata kwenye karatasi ya ukubwa wa kucha. Ule ulioungua ndio ulikuwa moja tu. Na magoti yake unaniandikia wewe mwenyewe, kila barua yanazidi. Ndiyo maana siwezi kuacha Muzinga, hata baryeri ziwe kumi mpaka bandarini.

Sasa endelea kwa sauti.

Mama, wino umekauka. Zaina aliniuliza swali moja: wewe unajuaje kama Muzinga ni ya wanawake wazee, umewahi kupima kwa nani? Nikamuambia kwa maharusi mia. Akasema maharusi sio wazee. Halafu akakaa kwenye kiti. Miaka ishirini na sita tumeoana, na huyu mwanamuke sijawahi kumupiga picha, siku zote naona iko tu hapa, nitamupiga kesho. Nikarudi hatua ine. Nikapiga. Nilipotoa picha kwenye maji akaiangalia muda murefu. Mi nikaanza kutafuta mulango, ju nakumbuka mukaa wa mama. Akasema, "Kumbe ndivyo unanionaga." Akaingia ndani, na chakula cha siku hiyo kilikuwa na nyama.

Hiyo picha nimeiweka humu ndani ya barua. Mama, muangalie pua ya mukwe wako. Iko mahali pake. Ukiridhika utanikalia, usiporidhika nakuja vilevile, nitakula samaki wako na kukaa kimya, kama nitaweza.

Muzinga basi ikapita. Nikasema nitaificha katikati ya kitenge. Zaina akakataa, anasema kitu cha kufichwa ndicho bomu, kitu cha kuvaliwa shingoni ni kazi ya mutu. Njiani nitaivaa shingoni kama medali, kwenye boti itarudi mufukoni, ju nahodha ni mutu moja mufuko moja. Ikabaki nafasi moja, Mukate na Mupana wanagombana. Uwanja wenu ni mwembamba, Mukate haiwezi kumeza ukoo wote, ingebidi nisimame jikoni kwa jirani. Mupana inaweza, lakini mama amesema lizamishwe kwanza. Nilikuwa nimeshalishika nikalitupe ziwani huku, upande wa Ruziba, niwe mutoto mwenye kutii. Zaina anakunja suruali yangu, hata kichwa hakuinua, akasema, "Mama amesema lizamishwe. Hajasema nani alizamishe."

Kwa hiyo Mukate anabaki Bujumbura. Mara ya kwanza. Ngagara ingoje, mukurugenzi apumue mwenyewe.

Mupana nakuja nalo, mama, lifanye kazi moja. Siku ya arusi nitawasimamisha wote, wewe katikati, hatua saba kutoka kwangu, huko halimuongezei mutu kitu. Shemeji nitamuweka pembeni kabisa, ju pembeni ndipo Mupana linanenepesha. Atatoka kama gunia la mihogo, na sisi tutacheka zamu yetu. Halafu nitalitoa kwenye kamera, nitakupa mukononi. Tutashuka mpaka ziwani polepole na magoti yako, mi nitakushika mukono usiteleze, na utalitupa mwenyewe, mbali kadiri unavyotaka.

Munisalimie bibi arusi, na bwana arusi mumuambie ajifunze kusimama bila kufumba macho. Salamu kwa jirani wa mulango wa bluu aliyeninyonyesha siku mama aliugua, na kwa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, kama fimbo yake imeshachoka. Zaina anawakumbatia wote, anasema munirudishe na suruali mbili.

Mi kaka yenu mwenye meno ine,
Ramadhani, aliyerudisha nyuma jeshi

Mwajuma, hii ya mwisho usimusomee mama. Kwenye kiti atakaa kama mutu aliyeitwa na hakimu, namjua. Picha ninayoitaka ni ingine. Lile jicho likishapiga maji, atacheka, na atasahau kanga. Kwa hiyo ule mukono niliosema nitaushika, utaushika wewe. Mi nitakuwa hatua ine, na Muzinga.