Kibati cha tata kwenye kompyuta mpya

Jumamosi, Juni. Baridi ya asubuhi, na vumbi la malori limeshaingia hadi kwenye chai yangu.

Kompyuta yangu mpya inanitia aibu. Kila asubuhi nikiiwasha upya, dakika saba. Nimefuta programu, nimesasisha kila kitu, nimeitukana. Wapi! Kiduara kinazunguka tu, na mimi naangalia pembeni, kwenye diski ya zamani ya tata.

Tata, baba yangu, alikuwa fundi umeme wa kampuni ya mgodi, nasi tukiishi Kapata. Kule karakana, fundi akizima mtambo ili autengeneze, alitundika kwenye swichi kibati chenye namba yake. Aliyekitundika ndiye anayekitoa, basi. Akisahau na kurudi nyumbani, mtu alitumwa kumfuata. Nakumbuka mlango ukigongwa, mama akifungua, tata akiacha bukari, ugali wetu, kwenye sahani na kutoka akicheka.

Alipostaafu, alihamishia sheria hiyo kwangu. Aliweka picha zake zote za Kapata kwenye diski ile, akaichomeka kwenye kompyuta yangu ya zamani, akafunga kibati chake kwenye waya. Kisha akafariki.

Nakiri: sikuwahi kuthubutu kuiondoa ile diski. Siku niliponunua kompyuta mpya niliihamisha haraka haraka, kama mgonjwa anayehamishwa kitanda, na kibati chake kikining'inia.

Leo nimemwita Trésor, jirani anayetengeneza simu na kompyuta. Ameisikiliza diski ikikwaruza, akanyoosha mkono kwenye waya. Nikapiga kelele.

"Yaya, njo hii inacheleweshaka machine," akasema, akiniita yaya kama dada yake mkubwa. "Ilishachoka. Ikikufa, mapicha yote inaenda."

Hapo nimeogopa kweli. Nyumba yetu, mama akiwa kijana, tata na wenzake mbele ya karakana: picha hizo hazipo mahali pengine popote.

Tumezinakili hadi alasiri. Mbili zimegoma, nyingine zote zimepona.

Lakini kibati? Aliyekitundika hawezi tena kufuatwa. Nimempigia mama simu, maana zamani yeye ndiye aliyefungua mlango.

"Toa tu, mama," akasema. Huniita hivyo akitaka kunibembeleza. "Tata yako alisha kumaliza kazi. Mi njo nakuambia."

Nimekitoa. Nimelia, sifichi.

Kisha nimechomoa waya, nikaiwasha upya kompyuta. Imewaka kabla sijavuta kiti. Trésor amepiga makofi, na mimi nimebaki nimesimama, kibati mkononi, sina la kungojea.

Zile dakika saba, kila asubuhi, nilikuwa nakaa na tata.

Sasa nitakaa naye wakati gani?