Mguu wa Kushoto wa Tumaini

Jumanne, jioni

Bado naona kama naota. Mwanangu Tumaini amelala hapa wodini, na mguu wake wa kushoto umeanza kupungua uvimbe.

Juzi nilipokuwa nambadilisha nepi niliona paja limejaa na ngozi imepiga wekundu wa zambarau, upande uleule waliomwekea mrija wa dawa kwenye mshipa mkubwa. Nikamwambia muuguzi. "Mama, watoto wachanga huvimba, usijitie hofu," akasema. Nikanyamaza saa nzima. Saa hiyo ndiyo inayoniuma hadi sasa.

Kisha nikamfuata daktari koridoni. "Shikamoo, daktari. Naomba umwangalie mwanangu, miguu yake hailingani."

Akaja, akapima mapaja yote mawili kwa utepe, akaagiza mshipa upigwe picha. Damu ilikuwa imeganda kuuzunguka mrija. Walianza sindano za kuzuia isigande zaidi, na leo asubuhi wakautoa ule mrija.

Mchana nilisinzia kwenye kiti. Nikajiona nyumbani Kigwa, treni inapita polepole bila kelele, na Tumaini, mtoto wa wiki tano, anakimbia kando ya reli huku akicheka...

Nilipoamka nilimuuliza daktari kama kweli atatembea.

"Natumaini, mama. Ila sindano ataendelea nazo, na tutampima tena."

Baba yake amepiga simu kutoka Kaliua kuuliza hali. Nikaiweka simu karibu na pua ya mtoto, baba yake akasikiliza zile pumzi kwa muda mrefu, kisha nikamsikia analia.