Kidonda cha Mama Kimefunga

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili mchana, 14 Juni.

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto hawajambo? Kifua chako kimetulia na baridi hiyo? Sisi wazima, na leo nakuandikia kwa moyo mkunjufu.

Mama amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Najua roho yako ilikuwa juu juu tangu nilipokuambia daktari ameuahirisha kwa sababu ya kidonda cha kisigino alichokipata kwa kulala muda mrefu. Alisema waziwazi kwamba kisipofunga hapasui, na mama angebaki wa kitandani.

Waliotuokoa ni wauguzi. Katika wodi aliyolazwa mama wameanza kupima kazi yao wenyewe. Wanakagua ngozi ya kila mgonjwa, na kidonda wanakipima kwa rula ya karatasi, wajue kama kuwageuza wagonjwa kitandani kila baada ya saa chache, ngozi isichubuke, kunasaidia kweli au wanajichosha bure. Muuguzi mkuu, tuliyempachika jina la Kimya, ukimwambia mgonjwa anaendelea vizuri hakujibu mpaka apime.

Sasa shangazi, si unamjua. Alijifanya askari wa kitanda. Muuguzi akija kumgeuza mama, anamzuia: "Mwacheni mgonjwa alale jamani, usingizi ndio dawa." Kidonda kikapanuka. Kimya hakugomba. Alimkabidhi rula, akamwambia, "Leo tupimie wewe, mama." Shangazi akapima, akanywea. Tangu hapo akawa anawafuata wauguzi korido nzima kuwakumbusha saa ya kumgeuza mama, mpaka wakawa wanamkwepa.

Basi kidonda kikasinyaa, kikafunga, na daktari akakubali kupasua. Kimya ameniambia kwamba tangu waanze kupima, wagonjwa wanaopata vidonda wodini wamepungua sana. Alitabasamu, kaka, nikayaona meno yake kwa mara ya kwanza. Niliwashukuru mpaka maneno yakaniishia, nikabaki nalia tu mbele za watu.

Jana mama alisimama na fremu ya kutembelea. Nilitaka kumshika, akausukuma mkono wangu.

Msalimie sana wifi, wanao na yule rafiki yako fundi saa. Shangazi anakusalimu, na anatangaza mtaa mzima kwamba yeye ndiye aliyemponya mama. Mungu awalinde na awafikishe salama mwezi wa nane. Mama amepiga marufuku mtu yeyote kuinuka mtakapobisha hodi. Atafungua mwenyewe.

Mdogo wako anayekupenda,
Kitindamimba