Mzimu wa Nyumba ya Mnunuzi wa Kahawa

Jumanne, 10 Juni

Kahawa imeanikwa, imeanuliwa, imeanikwa tena. Mvua ya kutuchezea tu. Mama analalamikia kiuno. Likizo imeanza na madaftari ya darasa la tano bado yamelundikana mezani, sijayagusa.

Alasiri Ta Kaijage, mwenyekiti wetu wa kijiji, alikuja mwenyewe hadi uani. Hakukaa. Amesema kuna watu wa filamu kutoka Dar es Salaam, wamefikia Bukoba, kesho wanapanda huku Kamachumu. Wanahitaji mtu wa kuwatafsiria. Nimechaguliwa mimi. Hakuuliza kama nataka.

Nataka.

Jumatano, 11 Juni

Wako watatu. Bwana Hamadi ndiye mwongozaji, mdogo kuliko nilivyodhani, amesomea kazi hii Ulaya. Josefu ni mpiga picha, mtu wa Songea, mkimya. Rehema ni mwigizaji. Anacheka kila kitu, hata matope.

Wanataka nyumba ya mnunuzi wa kahawa. Ile ya matofali, juu kilimani. Mwenyewe alikuwa mgeni, aliondoka mwaka wa uhuru, na tangu hapo haijakaliwa. Hapa kila mtu anajua kwa nini. Kuna mwanamke analia mle ndani. Wanaokwenda kuchota maji wanaizunguka nyumba kwa mbali. Hata mimi, mwalimu, nazunguka.

Ta Kaijage anataka iwe zahanati, yenye chumba cha kuzalia. Mkutano umepitisha mara mbili. Siku ya kufanya usafi hakutokea hata mtu mmoja mwenye ufagio. Na mwaka jana Anastazia, niliyesoma naye, alifia njiani kwenye machela, mtoto akiwa tumboni.

Kwa hiyo mwenyekiti amewakubalia watu wa filamu haraka. Anafikiri watu wakiona wageni wanashinda mle na kutoka salama, hofu itakwisha. Aliuliza kwa Kihaya filamu inahusu nini, maana Kiswahili chake ni cha salamu tu. Bwana Hamadi akasema ni hadithi ya nyumba yenye mzimu. Mimi nikatafsiri: ni hadithi ya nyumba.

Nilifanya makusudi. Niliogopa atakataa.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeingia. Miaka ishirini na sita naishi chini ya kile kilima na leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuvuka kizingiti. Vumbi. Popo. Kalenda ya zamani ukutani. Jikoni kuna jiko kubwa la chuma na dirisha dogo linalotazama mibuni.

Sikusikia kilio. Nilitega sikio siku nzima. Nakiri nilikuwa nataka kukisikia.

Jumatatu, 16 Juni

Leo nimejifunza mambo mawili.

La kwanza, usiku wa kwenye filamu hupigwa mchana. Saa saba, jua kali, Josefu anavika kamera kioo cheusi na anakwepa kuonyesha anga. Ameazima mabati mapya ya parokia kuelekeza mwanga dirishani, eti ndio mwezi. Nilichungulia kwenye kamera. Kweli ni usiku. Nikatoa jicho, mchana. Nikarudia kama mtoto mpaka Rehema akanivuta.

La pili, jinsi mzimu unavyotengenezwa. Josefu anapiga picha ya jiko tupu kwanza. Halafu anaurudisha mkanda nyuma, na kuupitisha tena huku Rehema amekaa pale. Picha mbili zinalaliana na Rehema anapenyeka, ukuta unaonekana kupitia kifua chake. Kamera isitikisike hata kidogo. Miguu ya kamera tumeigandamiza kwa mawe.

Bwana Hamadi alimvika Rehema shuka jeupe. Nikasema huku mtu wetu wa zamani hakuzikwa kwa shuka. Alizikwa kwa lubugo, nguo ya gome la mti. Na hatembei akinyoosha mikono. Akauliza, basi anafanya nini? Sijui nilitoa wapi jibu. Nikasema anafanya kazi zake. Amekaa, ametupa mgongo, anamenya ndizi.

Wakajaribu. Rehema, lubugo begani, anamenya ndizi bila kugeuka. Mwili ulinisisimka, na mimi ndiye niliyeyasema.

Nina furaha ambayo sijawahi kuipata darasani.

Alhamisi, 19 Juni

Ta Kaijage amejua. Alipanda kutazama, akamkuta Rehema amepakwa majivu usoni. Hakugomba. Aliniita pembeni, chini ya mgomba.

"Mwalimu," akasema, "ni mwanamke gani atakubali kuzalia ndani ya filamu ya mzimu?"

Filamu itaonyeshwa Bukoba, Muleba, kila mahali gari la sinema linapofika. Nyumba itajulikana na watu wasioijua leo. Niliifurahia kazi yangu, nikamsahau Anastazia.

Nimwambie Bwana Hamadi aache? Sitaki aache. Huo ndio ukweli.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemweleza Bwana Hamadi habari ya zahanati. Alisikiliza vizuri. Akasema ataandika mwanzoni kwamba hadithi ni ya kubuni. Nikamwambia wengi huku hawasomi. Akasema atafikiri. Kisha akaendelea na kazi. Kesho asubuhi wanachimba kaburi la mzimu nyuma ya jiko, kati ya mibuni miwili mikubwa. Anahitaji picha ya udongo ukifukuliwa.

Nilimsimulia Mama haya wakati wa kula. Hajawahi kuuliza chochote kuhusu filamu. Leo aliuliza kimoja: upande gani wa jiko? Nikamwambia. Akanawa mikono, chakula kikiwa bado nusu, akaenda kulala.

Nilidhani ni kiuno.

Jumamosi, 21 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tulipofika Mama alikuwa kule. Amekaa chini kati ya ile mibuni miwili, miguu ameinyoosha, kanga yake ina umande hadi magotini. Alikuwa amepanda peke yake kabla hatujaamka. Vibarua wawili wamesimama na majembe yao, hawajui wafanye nini.

"Msichimbe hapa," akasema kwa Kiswahili, yeye asiyependa kukisema. "Kuna mtu."

Bwana Hamadi alinitazama nitafsiri. Hakukuwa na cha kutafsiri.

Mengine aliyasema kwa Kihaya, kwangu, na hakuyasema yote kwa mpangilio. Mdogo wake, Leonsia, alikuwa mpishi wa yule mnunuzi. Mimi nilimjua Leonsia kama jina tu, mama mdogo aliyeolewa Masaka, huko Uganda. Alipata mimba akiwa kazini. Mama hakutaja ya nani na sikuuliza. Babu alisema asirudi nyumbani. Akazalia mle jikoni, mnunuzi akiwa ameshaondoka na nyumba tupu, Mama ndiye aliyempokea mtoto. Mtoto aliishi siku tisa. Wakamzika wao wawili, hapo Mama alipokuwa amekaa. Halafu Leonsia alilia. Alilia siku nyingi, mchana, madirisha wazi, na wapita njia wakamsikia.

"Waliniuliza nani analia," Mama akasema. "Mimi ndiye niliyesema ni mzimu."

Aliyasema hayo bila kunitazama. Babu alikuwa mzee wa kanisa. Watu wakaamini mara moja. Leonsia alivuka kwenda Uganda kabla ya mavuno kwisha, ila kilio kikabaki. Wengine wakaendelea kukisikia. Mama anasema alishangaa sana. Alikuwa akiwasikiliza wanavyosimulia, mpaka mwaka mmoja naye akaanza kupita mbali.

Nikasikia kitu kinanguruma taratibu. Kamera. Josefu alikuwa ameiwasha tangu mwanzo, labda kwa mazoea tu. Bwana Hamadi aliona nimeona. Akachutama mbele ya Mama, akamwita mama, akaniomba nimweleze: tumekupiga picha, ni picha ya kweli kuliko zote tulizonazo, tunaomba tuitumie.

Mama akasema hapana, uso wake si wa filamu, na huyo aliye chini si wa filamu.

Bwana Hamadi alisimama. Akamwambia Josefu afungue kamera. Josefu akasema asubuhi yote imo humo. Bwana Hamadi akarudia: afungue. Akauvuta mkanda nje kwenye jua, mita kwa mita, mpaka wote ukalala majanini kama utumbo wa mbuzi.

Niliumia kuuona. Nilitaka ubaki. Mama yangu amekaa juu ya kaburi na mimi nasikitikia mkanda. Nimejichukia.

Jumapili, 22 Juni

Misa ya kwanza. Baada ya misa Mama alimfuata Ta Kaijage kiwanjani, mbele ya watu, akamweleza. Sauti yake haikuwa kubwa. Walisogea wenyewe kusikia.

Mwanamke mmoja alisema alisikia kilio kile mwaka jana tu. Mama akamjibu kwamba huenda alisikia, lakini si Leonsia, Leonsia ana watoto wanne Masaka. Wachache walicheka. Wengi hawakucheka. Wawili hawakumsalimia tulipoondoka.

Njiani nilimshika mkono. Ulikuwa baridi. Hakuutoa.

Jumatano, 25 Juni

Wamemaliza. Bwana Hamadi amebadilisha mwisho, kaburi hakuna tena. Mhusika anayeingia ndani ya nyumba anamwendea yule mwanamke anayemenya ndizi, anachuchumaa, anachukua kisu cha pili na kumenya naye. Basi. Rehema anasema hakuna atakayeogopa. Bwana Hamadi anasema wataogopa mpaka hapo, inatosha.

Aliniuliza kama ningependa kwenda Dar es Salaam kujifunza kazi. Nimesema nitamwandikia. Nalifikiria hilo sana.

Jumapili, 28 Septemba

Jana nilishuka Bukoba na Ta Kaijage. Filamu ilionyeshwa alasiri, ukumbini, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Watu walipiga kelele mahali palepale niliposisimkwa mimi. Mwishoni walinyamaza kabisa. Ta Kaijage alikohoa tu, akasema yale mabati ya parokia yametoka vizuri.

Zahanati ina chokaa sasa, na mkunga. Wanawake wa ng'ambo ya kilima wanakuja. Wa kwetu bado wanasitasita, ila Alhamisi mmoja alijifungua, mtoto wa kiume. Mama alimpelekea uji.

Leo tulichambua kahawa pamoja, mimi na yeye, barazani. Aliuliza kama uso wa mwanamke wa filamu unaonekana. Nikasema hauonekani. Akaitika.

Nikauliza kama yule mtoto alikuwa na jina. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema alimbatiza mwenyewe, kwa maji ya mtungi, maana padri asingeitwa.

Felista.

Nimeliandika hapa. Hakuna mahali pengine lilipoandikwa.