Hatukumwambia Mihayo

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia.

Nimechoka, Mama. Ni uchovu ule ule uliokuwa nao wewe, ambao mimi nilidhani ni uzee.

Kaka Mihayo yuko nyumbani, hapa Buswelu. Huu ni mwezi wa tano tangu arudi. Lakini kwanza nikiri jambo ambalo bila shaka unalijua. Siku tunakuzika, yeye alikuwa wodi ya wagonjwa wa akili. Baba mdogo alisema, "Akija ataharibu msiba." Wakanigeukia mimi. Nikanyamaza. Tukakuzika kijijini bila kifungua mimba wako.

Kisha nikaanza kwenda hospitali kila Jumamosi kama ulivyokuwa ukienda. Nilimpelekea ugali na sato, nikamwambia miguu yako inauma. Hakuuliza zaidi. Alikula, akanawa, akarudi kitandani kwake. Miezi mitatu, Mama, nilikuwa namdanganya huku namtazama akila.

Ndipo daktari akaniita. "Kaka yako ametulia siku nyingi. Hapa anawasubiri ninyi tu."

Nikamjibu, "Nyumbani hakuna mtu." Yaani mimi si mtu. Lakini nilikuwa nakumbuka. Anatoka, anakaa vizuri miezi miwili, anaacha dawa, anaonekana Kirumba anatembea kifua wazi akiongea peke yake, vijana wanamfunga kamba, anarudishwa. Wewe ulijua ni mara ngapi. Mimi niliacha kuhesabu. Nesi akanieleza kwamba sasa atachomwa sindano kila mwezi kwenye zahanati yetu ya hapa Buswelu, na mhudumu wa afya wa mtaa atakuwa anapita kumwona. Nikakosa sababu nyingine ya kumwacha kule.

Nilimwambia habari zako kwenye benchi la nje ya geti, begi lake likiwa miguuni. "Kaka, mama hayupo tena." Hakushtuka. Akasema, "Nilijua, Kabula. Mama asingekosa Jumamosi mbili. Nilikuwa nasubiri uweze kusema." Nililia mimi, akanibembeleza yeye. Watu walikuwa wanapita wanatutazama. Nadhani walifikiri mgonjwa ni mimi.

Nyumbani si rahisi. Mwanzoni alikuwa ananiomba ruhusa ya kwenda chooni. Mtu mzima, Mama, mwenye mvi, anasimama mlangoni kwangu, "Naomba nikajisaidie." Jirani alikataza watoto wake kupita uani kwetu. Na mwezi wa tatu kaka akakataa sindano, akasema inamtetemesha mikono, hata kikombe hakishiki. Nilikuwa nimetoka kazini, sijala. Nikafoka, "Basi rudi wodini!"

Hakubisha. Aliingia ndani, akakunja nguo zake, akatoka na begi, akakaa kizingitini anisubiri nimpeleke.

Ningekuwa na pa kujificha ningejificha. Nilimwomba radhi. Akarudi ndani, ila lile begi aliliacha pale kizingitini. Kesho yake nesi wa zahanati alikuja mwenyewe kwa miguu, akakaa naye kwenye mkeka. Hakumkemea. Aliitazama ile mikono, akasema ipo dawa ya huko kutetemeka, kwa nini hakusema mapema. Kaka akamjibu, "Hakuna aliyeniuliza." Akakubali kuchomwa.

Wiki iliyopita nilimleta kwako. Ulituona? Baba mdogo alitufuata, akasimama mbali mikono nyuma. Kaka aling'oa majani yote, hakutaka nimsaidie. Alipomaliza akachota udongo, akautupia kaburini, akasema, "Kila mtoto hutupa." Baba mdogo akavua kofia. Tulipokuwa tunaondoka alimshika kaka bega, akasema, "Tulikukosea." Kaka akamjibu, "Ndiyo." Basi. Tukaongozana kwenda kunywa uji.

Siwezi kukuahidi kwamba sitachoka, wala kwamba hataugua tena. Ninachokuahidi ni hiki: likitokea jambo katika nyumba hii, liwe la kheri au la msiba, kaka ataambiwa siku ile ile kama wenzake, na atakaa mahali pa mtoto wa kwanza.

Pumzika, Mama. Yuko uani anasuuza vyombo. Akimaliza nitamwambia kwamba nimekuandikia, na kama ana neno lake, kalamu nitampa.

Binti yako,
Kabula